Barua ya wazi kwa wanaosimamia maji ya Los Angeles: zirudisheni chemchemi za Bonde la Owens

Kwa Waheshimiwa mnaopanga na kuidhinisha uvutaji wa maji ya Bonde la Owens,
Jiji la Los Angeles, California.

YAH: CHEMCHEMI ZILIZOKAUSHWA NA PAMPU BAADA YA MWAKA 1970

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mmoja wa wakazi karibu milioni nne wa jiji hili ambao hufungua bomba asubuhi na kupata maji safi bila kujiuliza yametoka wapi. Mengine hutoka Mto Colorado, mengine kaskazini mwa California, na sehemu nyingine, inayopanda na kushuka kulingana na theluji ya mwaka, hutoka mashariki ya milima ya Sierra Nevada, katika bonde lililo mbali na hapa kwa mwendo wa saa kadhaa za gari jangwani. Ni maji mazuri, nayanywa na kuyalipia. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kama mgeni asiyehusika.

Naandika kwa Kiswahili, hadharani, kwa sababu tuko wengi tunaoyanywa maji haya tukiongea lugha hii, na ni wachache kati yetu waliowahi kuambiwa gharama yake. Njia za kimya kimya zimekwisha kujaribiwa na watu wenye haki zaidi yangu: Kaunti ya Inyo lilimo bonde hilo, makabila ya wenyeji wa asili, vyama vya mazingira. Wameketi mezani nanyi na wamesimama mahakamani nanyi kwa zaidi ya miaka 50.

Najua pia mtakavyoipokea barua hii. Mtadhani ni yale malalamiko ya zamani ya Mto Owens na Ziwa Owens, ambayo maji yake yalichukuliwa kwa mfereji wa mwaka 1913, siku mhandisi wa jiji William Mulholland alipoyaonyesha maji kwa umati na kusema, "There it is. Take it." (Ndiyo hayo. Yachukueni.) Sivyo. Habari ya mto imesimuliwa mpaka imekuwa ngano. Mimi nimekuja na jambo dogo zaidi na la karibu zaidi. Chemchemi za bonde lile hazikuchukuliwa na wazee wa 1913. Zilikaushwa na pampu za umeme baada ya 1970, wakati watu wengi walio hai leo walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Na tofauti na mambo mengi yaliyoharibiwa duniani, hizi zinaweza kurudi.

Kwa wasomaji wasiolijua bonde lenyewe, nieleze kidogo. Sakafu yake iko kati ya mita 1,100 na 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Magharibi umesimama ukuta wa Sierra Nevada wenye Mlima Whitney, mita 4,421. Mashariki kuna milima ya White na Inyo, ambako misonobari ya kale imeishi zaidi ya miaka 4,800. Mawingu ya Pasifiki humwaga mzigo wake upande wa pili wa Sierra, na bonde huambulia mvua isiyozidi sana milimita 150 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo pangepaswa kuwa jangwa tupu. Hapakuwa hivyo, kwa sababu ya theluji.

Theluji ikiyeyuka, vijito hushuka kwa kasi hadi kwenye miteremko ya changarawe iliyo chini ya mlima, na hapo maji mengi huzama. Husafiri polepole chini ya ardhi kuelekea katikati ya bonde mpaka yagonge kizuizi: tabaka la udongo wa mfinyanzi, ufa wa ardhi kama ule uliotikisa Lone Pine mwaka 1872, au ukingo wa mawe meusi ya volkeno karibu na Big Pine. Yakikosa pa kupita, hupanda juu. Ndipo zilipokuwa Fish Springs, Hines Spring, Blackrock, na zile mbili za Seeley. Lakini chemchemi ni kama ukingo wa beseni lililojaa: maji ndani yakishuka kidogo tu, hakuna kinachomwagika tena, hata kama beseni bado limejaa karibu lote. Ndiyo maana pampu huua chemchemi kabla ya kuua kitu kingine chochote. Nanyi mna wataalamu wa maji ya ardhini wanaolijua hili kuliko mimi.

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Mfereji wa pili ulijengwa kabla ya maji yake kupatikana.

Mfereji wa 1913, wenye urefu wa kilomita 375, huteremsha maji kwa mwinuko wa ardhi peke yake, bila pampu hata moja. Ni kazi ya ajabu, na anayeibeza hajui alisemalo. Mwaka 1970 mkafungua wa pili, na uwezo wa kusafirisha maji ukaongezeka kwa zaidi ya nusu. Sehemu ya maji ya kuujaza ilitafutwa chini ya ardhi, na katika miaka michache chemchemi kubwa za bonde zikanyamaza. Kaunti ya Inyo ilikwenda mahakamani mwaka 1972. Tathmini ya kwanza ya athari kwa mazingira ilikataliwa na mahakama, na ya pili nayo ikakataliwa. Ya tatu, ya 1991, ndiyo iliyoambatana na makubaliano ya muda mrefu kati yenu na kaunti, na ndani yake kukauka kwa chemchemi kunatajwa waziwazi kuwa ni tokeo la uvutaji wa maji. Kwa hiyo hatubishani juu ya aliyezikausha. Hilo lilikwisha kuandikwa, na mlioliandika ni nyinyi.

2. Hines Spring iliahidiwa, na ahadi ikageuka.

Katika tathmini hiyo ya 1991 mliahidi kazi ya marekebisho pale pale Hines Spring. Mwaka 1997, katika hati ya maelewano iliyosainiwa na jiji, kaunti, idara ya wanyamapori na tume ya ardhi za jimbo, pamoja na vyama vya mazingira vya Sierra Club na Owens Valley Committee, mkatenga maji ya ekari-futi 1,600 kwa mwaka, yaani karibu mita za ujazo milioni mbili, kwa ajili ya Hines Spring na mahali pengine. Kiasi hicho ni kidogo mno mkikilinganisha na kinachopita mferejini. Lakini tazameni ahadi yenyewe ilivyobadilika umbo: badala ya kuiacha chemchemi ibubujike, maji hupelekwa. Maji yakiletwa kwa mtaro, bomba au kisima na kumwagwa mahali fulani, hapo patakuwa na kidimbwi, na ndege watakuja, na sisemi ni vibaya. Ila siku atakayefunga vali akiifunga, kidimbwi kimekwisha. Chemchemi haikuwa na vali.

3. Visima vya vituo vya samaki.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo jambo lote linapoonekana vizuri.

Fish Springs na Blackrock vilikuwa vituo vya jimbo vya kutotolea samaki vilivyowekwa pale kwa sababu ya chemchemi. Maji yalitoka yenyewe, baridi na safi, mwaka mzima. Chemchemi zilipokauka, vituo havikufungwa; vikalishwa kwa visima. Na kwa kuwa samaki hawawezi kusubiri, visima hivyo vikawekwa nje ya utaratibu wa "washa na zima", ule unaowataka mzime pampu pale unyevu wa udongo unaposhuka chini ya mahitaji ya mimea. Maana yake ni kwamba katika eneo lilelile ambalo chemchemi zilikufa kwa pampu, pampu haziruhusiwi kupumzika, na sababu inayotolewa ni kwamba chemchemi hazipo.

Mnaona mzunguko huu? Kisima kinaendeshwa kwa kuwa chemchemi imekauka, na chemchemi haiwezi kurudi kwa kuwa kisima kinaendeshwa.

Na samaki wenyewe ni nani? Ni trauti wa kupandikizwa kwenye mito na maziwa kwa ajili ya wavuvi wa mapumziko. Sina ugomvi na mvuvi. Lakini samaki asilia wa bonde lile, ambao baadhi yao wametajwa kwa jina katika orodha ya spishi zilizo hatarini, wamebanwa kwenye vidimbwi vichache, huku maji ya chini ya miguu yao yakivutwa kwa ajili ya samaki wa kuletwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa bakteria uliingia katika vituo vya Fish Springs, Blackrock na kile cha Mojave, na zaidi ya samaki milioni tatu wakaangamizwa. Ilikuwa nafasi nzuri ya kukaa na jimbo na kuuliza kama kazi hii lazima ifanyike hapo, na kwa kiasi hicho cha maji. Swali hilo bado linangoja.

4. Kipimo cha nyasi hakizihusu chemchemi.

Makubaliano ya 1991 yanataka mimea ya bonde isishuke chini ya hali ilivyopimwa kati ya 1984 na 1987. Mgogoro wa kipande cha ardhi kiitwacho Blackrock 94 ulifika hadi kwa wasuluhishi kwa sababu ya kipimo hicho. Mtasema, na ni kweli, kwamba miaka ile ilitanguliwa na theluji nyingi, hivyo kipimo hakikuwa cha chini mno. Sawa kwa nyasi za chumvi na vichaka. Kwa chemchemi, hata hivyo, 1984 ni miaka zaidi ya kumi baada ya mazishi. Hakuna ramani ya 1984 inayoweza kuwaonyesha mlichopaswa kukilinda pale Fish Springs, kwa sababu hakikuwepo tena cha kupimwa.

5. Fish Slough na Five Bridges.

Kaskazini mwa Bishop, katika nyanda za majivu ya volkeno yaliyotapakaa miaka 760,000 hivi iliyopita, kuna ardhi oevu ya Fish Slough. Huko anaishi samaki wa sentimita chache aitwaye Cyprinodon radiosus, ambaye wataalamu waliamini ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1964. Agosti 1969 kidimbwi chake kilianza kukauka. Mtumishi wa idara ya wanyamapori ya jimbo, Phil Pister, alikimbilia pale na kuwahamisha wote waliobaki kwa ndoo mbili: samaki wapatao 800, na hapakuwa na wengine popote duniani. Kwa muda spishi nzima ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayetembea gizani akiogopa kujikwaa.

Spishi hiyo ipo hadi leo, pamoja na konokono wadogo wa chemchemi na mmea wa jamii ya kunde wasioota wala kuishi mahali pengine. Maji yanayowalisha yamekuwa yakipungua. Najua si pampu zenu peke yake. Wakulima wa majani ya mifugo katika mabonde ya juu nao wanavuta, na wao pia waulizwe. Lakini karibu na hapo, Five Bridges, uvutaji wenu wa mwishoni mwa miaka ya 1980 uliharibu mimea ya karibu ekari 300. Visima vilivyofanya hivyo havina sababu ya kurudishwa kazini, hata kwa jina la majaribio.

6. Wenye bonde.

Watu wa Nüümü, wanaojulikana pia kama Wapaiute, walichimba mitaro na kumwagilia mashamba ya mimea ya asili huko Payahuunadü, kama wanavyoliita bonde lao, kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Mwaka 1863 karibu watu 1,000 walisombwa na askari na kutembezwa hadi Fort Tejon. Mwaka 1939 jiji na serikali kuu wakabadilishana ardhi kwa ajili ya makazi ya makabila, lakini haki za maji hazikuingia katika mabadilishano yale. Zikaachwa zishughulikiwe baadaye. Baadaye hiyo haijafika. Katika makubaliano ya 1991 makabila hayana kiti, ingawa ndiyo yanayoishi juu ya maji yanayopimwa. Sitaongeza neno hapa; wanao wasemaji wao, nao wanasema vizuri. Nasema tu kwamba mpango wowote wa chemchemi utakaoandikwa bila wao utakuwa na kasoro tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa nizijibu hoja zenu kabla hamjazitoa.

Mtasema kuna ukame. Upo, na utazidi. Mwezi Aprili 2015 theluji ya Sierra ilikuwa asilimia 5 tu ya kawaida yake. Lakini mwaka 2023 ilikuja theluji ya kuvunja rekodi; mafuriko yakabomoa sehemu ya mfereji wenu mwezi Machi, na mkahangaika mahali pa kuyaweka maji. Bonde lile lina ghala kubwa chini ya ardhi. Katika mwaka kama huo, kuacha pampu zipumzike na kulijaza ghala hakumnyimi mtu yeyote maji Los Angeles. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba maji ya mwaka wa neema humwagwa ardhini kisha huhesabiwa kuwa akiba ya kuvutwa mwaka unaofuata. Hivyo usawa wa maji haupati nafasi ya kufika kwenye mdomo wa chemchemi na kubaki hapo.

Mtasema jiji limekua. Limekua, lakini linatumia maji kidogo kuliko lilivyotumia miaka ya 1970 likiwa na watu pungufu karibu milioni moja. Sifa hiyo ni ya wananchi na ni yenu pia, na mnaitaja kwenye hotuba. Nauliza tu: sehemu gani ya akiba hiyo imerudi kwenye bonde? Mwaka 2019 meya wa wakati huo alitangaza kwamba jiji litatumia upya maji taka yake yote ifikapo 2035. Mradi huo unaendelea. Kwa nini hadi leo hakuna ahadi kwamba kila kiasi kitakachopatikana huko, fungu fulani lake litazima pampu kule?

Mtasema mmekwisha kufanya mengi. Kweli, na nayataja ili msiseme nimeyaficha. Mto Owens wa chini, kilomita 100 hivi, ulirudishiwa maji Desemba 2006. Ziwa Owens, lililokuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha vumbi laini nchini Marekani, limewagharimu walipakodi na walipa ankara zaidi ya dola bilioni mbili kulidhibiti. Lakini kumbukeni mto ulirudi baada ya jaji kuamuru faini ya dola 5,000 kwa kila siku ya kuchelewa, na vumbi lilidhibitiwa baada ya amri za wadhibiti wa hewa. Ningependa kuona, kwa mara moja, jambo jema kule bondeni likifanyika kabla ya jaji kutajwa.

Na mtasema, labda kwa upole, kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Haya ya Owens yanazoleka. Kila majira ya baridi mlima hujazwa upya. Nyufa za ardhi ziko palepale, mawe ya volkeno yako palepale, na njia ya maji kuelekea Fish Springs haijazibwa na mtu. Kinachokosekana ni mita kadhaa za maji ardhini, nazo ziko chini ya swichi zenu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na bila kuzunguka:

Kwanza, zimeni visima vya uzalishaji vinavyozunguka Fish Springs, Hines Spring na Blackrock kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, vipimo vyote vya usawa wa maji vichapishwe kila mwezi, na kipindi kiendelee hadi chemchemi walau moja itoke yenyewe. Kama baada ya muda huo hakuna iliyotoka, mtakuwa na ushahidi wa kutupinga.

Pili, ondoeni msamaha wa visima vya vituo vya samaki, au ketini na jimbo mpunguze ukubwa wa vituo hivyo hadi pale vitakapoweza kuishi chini ya utaratibu uleule unaovibana visima vingine.

Tatu, tamkeni kwa maandishi kwamba visima vya Five Bridges havitarudi kwenye uzalishaji, na kwamba hakuna kisima kipya kitakachochimbwa kwenye njia ya maji ya Fish Slough.

Nne, yapeni makabila ya bonde kiti chenye kura katika kupanga uvutaji wa kila mwaka, na lifungueni upya suala la haki za maji lililoachwa 1939. Mkisema katiba ya jiji inataka kura ya wananchi ndipo haki za maji zitolewe, basi tuulizeni wananchi. Mimi nitakwenda kupiga kura.

Tano, kwenye ankara yetu tuandikieni kila mara ni kiasi gani cha maji yetu kimetoka kwenye theluji ya Sierra kwa mteremko, na ni kiasi gani kimevutwa kwa pampu chini ya Bonde la Owens. Hilo halihitaji jaji wala bajeti kubwa.

Mwaka wenu wa maji huanza tarehe 1 Aprili, na mpango wa uvutaji hutolewa mwezi huohuo. Naomba majibu ya hoja hizi yatolewe hadharani kabla ya mpango ujao kupitishwa, hoja kwa hoja, na pale jibu litakapokuwa "hapana", sababu iandikwe.

Wenu,

Mlipa ankara na mnywaji wa maji ya Bonde la Owens,
Los Angeles.